Tuhesabu chupa, si semina

Ripoti za lishe katika ukanda wetu zina ukurasa mmoja unaofanana, ziwe zimeandikwa Dodoma au Nairobi: jedwali la mafanikio. Humo utakuta semina zilizofanyika, mabango yaliyobandikwa, vipeperushi vilivyogawiwa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walionolewa, na asilimia ya wananchi wanaoweza kutaja makundi ya vyakula bila kusita. Watu hao walikula nini baada ya semina? Jedwali halina safu ya jambo hilo.

Msimamo wangu ni kwamba sera ya kula vizuri ipimwe kwa kilichonunuliwa, kilichomo ndani yake na kilichofika mwilini. Kile watu walichofundishwa kinaweza kutajwa, lakini kiwe maelezo ya pembeni. Tena naona kipimo tunachokitumia ndicho kinachotuchagulia sera. Anayehesabu semina ataona semina zimefanikiwa, na mwaka unaofuata ataomba fedha za semina zaidi. Sera zinazogusa bei na viambato hazina cha kujaza kwenye jedwali la namna hiyo, kwa hiyo fedha zinapogawanywa hazina mtetezi.

Wakati tunahesabu semina, miili imeendelea kubadilika. Utafiti wa demografia na afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au kiribatumbo; ule wa 2022 ukakuta asilimia 36. Kenya ilitoka asilimia 33 mwaka 2014 hadi 45 mwaka 2022, ingawa namba hiyo ya pili ni ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Na hizi ndizo nchi ambazo bado zinapambana na udumavu. Tanzania peke yake, mtoto mmoja katika kila watatu hivi wa chini ya miaka mitano amedumaa. Sidai kwamba elimu ndiyo iliyotunenepesha. Ninachosema ni kwamba elimu imekuwepo muda wote huo, na mizani haikuisikia.

Jiji la New York lilitupa somo zuri kuhusu umbali uliopo kati ya kujua na kutenda. Mwaka 2008 lilizilazimisha hoteli za vyakula vya haraka zenye matawi mengi kuandika kalori kando ya bei. Watafiti hawakuridhika kuwauliza wateja maoni. Walisimama nje ya migahawa kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, wakakusanya risiti, na wakafanya hivyohivyo katika mji jirani wa Newark ambako sheria hiyo haikuwepo. Kati ya walioziona namba, zaidi ya robo walisema ziliwasaidia kuchagua. Risiti zao hazikuonyesha mabadiliko yoyote ya kalori. Wangetegemea dodoso tu, tungeambiwa sera imefaulu. Mteja hakudanganya, mtu akiulizwa juu ya chakula hujibu kama yule mtu anayetamani kuwa.

Sababu si ujinga, na hapa ndipo wataalamu wenzangu wengi huniudhi. Mama anayelea watoto wanne anajua mboga ni nzuri. Lakini chakula huamuliwa na fedha iliyopo mkononi saa kumi na mbili jioni, na kile kilichopo duka la mtaani, na mkaa uliobaki. Maarifa ni sauti moja kati ya nyingi, na mara nyingi ndiyo ya chini kabisa. Sera inayobadilisha bei, au inayobadilisha kilichomo ndani ya bidhaa yenyewe, haimngojei mama huyo akumbuke semina.

Tazama Uingereza. Machi 2016 serikali ilitangaza tozo ya vinywaji baridi, ikaanza kutoza Aprili 2018. Haikutozwa kwa lita pekee, ilipangwa kwa madaraja ya sukari: kinywaji chenye gramu 5 hadi chini ya 8 katika mililita 100 kililipiwa peni 18 kwa lita, chenye gramu 8 na zaidi peni 24, na kilicho chini ya gramu 5 hakikulipiwa kitu. Viwanda vilipewa miaka miwili ya kujipanga, navyo vilijipanga. Vilipunguza sukari ili viteremke daraja. Mwanzoni mwa 2019 vinywaji vilivyozidi gramu 5 vilikuwa asilimia 15 ya vilivyokuwa madukani, wakati bila tozo vilitarajiwa kuwa karibu nusu. Baada ya mwaka mmoja, kiasi cha vinywaji ambacho kaya zilinunua hakikubadilika, lakini sukari iliyokuwa ndani yake ilishuka kwa gramu 30 hivi kwa kaya kwa wiki. Watu waliendelea kunywa soda zao vilevile. Kilichobadilika ni soda.

Afrika Kusini ilifanya jambo linalokaribiana, pengine kwa ustadi zaidi. Tangu Aprili 2018 inatoza kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Sukari ambayo mtu mmoja aliipata kwa siku kutoka kwenye vinywaji hivyo ilishuka kutoka gramu 16 hivi kabla ya tozo kutangazwa hadi chini kidogo ya 11 katika mwaka wa kwanza wa utekelezaji. Sehemu ya mteremko ilitokea kabla hata senti moja haijakusanywa, kwa sababu viwanda vilianza kubadili mchanganyiko mara tu tozo ilipotangazwa. Mtathmini anayeanza kupima siku sheria inapoanza kutumika angeikosa sehemu hiyo yote.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya Kenya ya mwaka 2015 iliweka shilingi 5 kwa lita ya maji ya chupa, shilingi 5 hizohizo kwa lita ya soda, na shilingi 10 kwa lita ya juisi ya matunda. Viwango vimepandishwa baadaye, lakini muundo ndio ninaoutazama. Tanzania nayo hutoza soda kwa lita, bila kuuliza kuna sukari kiasi gani. Tozo ya namna hii inaingiza fedha hazina, sawa, ila kiwanda hakipati sababu yoyote ya kupunguza hata gramu moja ya sukari, na mnunuzi anaambiwa kwa lugha ya bei kwamba maji na soda ni ndugu. Kisha mtu husimama kwenye kongamano akasema kodi ya vinywaji haikusaidia afya katika nchi zetu. Kodi ya afya hatujaitoza bado. Tulichotoza ni ujazo.

Ugumu wa tathmini hauko kwenye kupata namba, uko kwenye kujua namba ingekuwa ngapi bila sera. Mexico ilianza kutoza peso moja kwa lita ya vinywaji vyenye sukari Januari 2014. Watafiti hawakulinganisha mauzo ya 2014 na ya 2013 wakamaliza. Mwenendo wa miaka ya nyuma, misimu na hali ya uchumi vilizingatiwa kwanza, wakakadiria ununuzi ungekuwaje bila kodi, ndipo wakapata upungufu wa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka mzima, uliofika asilimia 12 kufikia Desemba. Mwaka wa pili upungufu ulizidi kuwa karibu asilimia 10. Hoja kwamba bei ikipanda watu watanung'unika kidogo kisha warudie mazoea yao haikuungwa mkono na takwimu hizo.

Denmark ilitoa somo la upande wa pili. Oktoba 2011 ilianza kutoza mafuta mazito, yale yanayoganda, yaliyomo kwenye siagi, nyama na jibini. Januari 2013 kodi ikafutwa. Tangu hapo, kila mara neno kodi na neno chakula yanapokutana katika mkutano mmoja, lazima atokee mtu aseme Denmark ilijaribu ikashindwa. Aliyeshindwa pale ni waziri, kwa maana ya kisiasa: wafanyabiashara walilalamika, watu wakaenda kununua Ujerumani na Sweden, karatasi za kujaza zikawa nyingi. Ununuzi wa siagi na mafuta ya aina hiyo ulipungua kwa asilimia 10 hadi 15 katika miezi ya mwanzo. Hata hivyo, watafiti wenyewe walionya kwamba kaya zilijaza akiba kabla ya kodi kuanza, kwa hiyo mteremko wa mwanzo ulionekana mkubwa kuliko ulivyo. Ukichukua mwezi mmoja kabla na mmoja baada, utapata muujiza ambao haukuwepo.

Philadelphia ndiyo inayotuhusu kuliko zote kwa suala la mipaka. Kodi ya jiji hilo ilianza Januari 2017, na mauzo ya vinywaji vilivyotozwa ndani ya jiji yakaanguka kwa asilimia 51. Watafiti wakatoka nje ya mpaka, wakapima maduka ya miji ya jirani, wakakuta mauzo yamepanda huko. Ukiondoa waliohama duka, upungufu halisi ulikuwa asilimia 38. Bado ni mkubwa, lakini si 51. Mwenye nia ya kuongeza ushuru wa soda upande mmoja wa Namanga au Sirari na asipime maduka ya upande wa pili, ajue anapima nusu ya soko.

Kuna upotoshaji wa aina nyingine ambao huja umevaa koti la sayansi: kwamba kodi imewekwa, kiribatumbo hakikushuka, basi haikufaa. Uzito wa taifa hujengwa na mambo mengi kwa miaka mingi, kuanzia mafuta na wanga hadi kazi za kukaa na bodaboda hadi mlangoni. Kudai kodi ya kinywaji kimoja iupindishe mstari huo ndani ya mwaka ni kuipa mtihani ambao hakuna sera ingeweza kuufaulu. Kila sera ipimwe kwenye kiungo ilichokigusa kwanza, yaani bei, viambato, kisha manunuzi, ndipo tusogee kuelekea damu na mizani. Uingereza walipofika huko walikuta kiribatumbo kwa wasichana wa miaka 10 na 11 kiko chini kwa asilimia 8 kuliko kilivyotarajiwa, na kwa wavulana hakuna tofauti. Mimi nalichukulia jambo hilo kama ishara ya kufuatiliwa, si ushindi, na nawaheshimu waandishi kwa kuchapisha habari ya wavulana.

Kuhusu maskini sitakwepa. Ni kweli kodi ya bidhaa humchukulia maskini sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko tajiri. Ni kweli pia kwamba Mexico kaya za kipato cha chini ndizo zilizopunguza zaidi, wastani wa asilimia 9 mwaka wa kwanza, na kwamba kisukari kikimpata mtu asiye na bima huuza shamba. Lakini hoja hizi mbili hazijibiwi kwa maneno. Zinajibiwa kwa kuonyesha fedha zilikwenda wapi. Serikali ikikusanya kwa jina la afya, mwananchi ana haki ya kuuona mfereji wa maji safi shuleni. Asipouona, mpinzani wa kodi ana hoja nami sina la kumjibu.

Naipenda zaidi habari ya Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, na nashangaa haisimuliwi hapa. Mwaka 1987 serikali yake ilibadilisha mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakitumiwa na watu wengi. Badala ya mafuta yaliyokuwa ya mawese kwa sehemu kubwa, yakawekwa ya soya. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta mazito. Ya soya ni sehemu ya saba hivi. Mwaka huohuo walipima damu za watu wazima, wakarudia 1992. Wastani wa lehemu ulishuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Ni mteremko mkubwa kwa taifa zima ndani ya miaka mitano, na wapishi wengi hawakulazimika kujifunza chochote. Walikaanga kama walivyokaanga jana.

Uzuri wa tathmini ile ni kwamba ilichapisha na yaliyokwenda kombo. Katika miaka hiyohiyo uvutaji sigara na shinikizo la juu la damu vilipungua, lakini uzito uliozidi uliongezeka, na kisukari hakikuonyesha dalili ya kurudi nyuma. Mafuta yalibadilika aina, hayakupungua wingi. Udhaifu wake nao uko wazi, kwani hakukuwa na kisiwa cha pili cha kulinganisha, na kampeni nyingine zilikuwa zikiendelea, kwa hiyo haiwezekani kuyapa mafuta sifa yote. Hata hivyo, walipima kabla. Bila vipimo vya 1987 kusingekuwa na cha kubishania.

Tanzania ilifanya jaribio kubwa la mafuta bila kuliita jaribio. Mwaka 2018 ushuru wa kuingiza mafuta ghafi ya kula ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa hadi 35. Hoja ilikuwa kuwalinda wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma pamoja na viwanda vya ndani, na ni hoja halali. Lakini mafuta mengi yanayoingia ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwa hiyo uamuzi wa forodha ulikuwa pia uamuzi wa moyo na mishipa ya damu. Je, kaya zilihamia alizeti, zilipunguza mafuta, au zililipa zaidi kwa mawese yaleyale? Swali la namna hii lingepaswa kuandikwa kwenye faili la wizara ya afya siku ileile hotuba ya bajeti iliposomwa. Sera kubwa za chakula katika nchi zetu hutoka wizara ya fedha na ya kilimo. Wizara ya afya hubaki na vipeperushi.

Tahadhari inahitajika tunapoazima ushahidi. Chile, tangu Juni 2016, inaweka alama nyeusi zenye pembe nane kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta mazito au kalori nyingi, imeviondoa shuleni na kuzuia matangazo yake kwa watoto. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulishuka kwa karibu robo. Ni kazi nzuri. Ila alama hukaa kwenye pakiti, na chakula kingi kinachotutia wasiwasi hapa hakina pakiti: chipsi za kibandani, mandazi, mafuta ya kupima. Chumvi ni hivyohivyo. Uingereza ilishusha wastani wa chumvi kutoka gramu 9.5 kwa siku hadi 8.1 katika muda wa miaka kumi hivi, na Afrika Kusini imeweka kikomo cha chumvi kwenye mkate kwa sheria, kwa sababu kwao chumvi nyingi huingia kiwandani. Kwetu sehemu kubwa huingia kwa kijiko, jikoni au kwa mama lishe, na kwa vidonge vya mchuzi. Ukinakili sheria ya mkate utapata sheria nzuri na matokeo madogo.

Kwa chumvi ya kijiko ushahidi unaofaa unatoka vijijini China. Vijiji 600 viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikaendelea na chumvi ya kawaida, vingine vikapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Washiriki karibu 21,000, waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, na kiharusi kikapungua kwa asilimia 14 upande wa chumvi mbadala. Sisi tuna njia tayari, kwani chumvi yetu hutiwa madini joto kwa mujibu wa sheria kwa miongo kadhaa sasa. Wagonjwa wa figo ni tatizo halisi, potasiamu ikizidi huwadhuru, kwa hiyo ningeanzia kwenye wilaya chache zilizochaguliwa kwa kura na si nchi nzima. Chumvi ipimwe kwa mkojo wa saa 24. Najua hakuna anayependa kutembea na galoni la mkojo kutwa nzima, lakini mkojo, tofauti na dodoso, hauoni haya.

Kwa vinywaji, kazi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu chupa zinahesabiwa tayari. Tangu 2019 vinywaji baridi vinavyotengenezwa Tanzania vimeingizwa kwenye mfumo wa stempu za kodi za kielektroniki, na Kenya ilifanya hivyo mwaka huohuo kwa soda, juisi na maji. Mamlaka za mapato zina uwezo wa kujua, karibu siku kwa siku, ni lita ngapi za aina gani zimetoka kiwandani. Nchi nyingi zilizochapisha tafiti nilizozitaja zililazimika kununua takwimu kama hizo kutoka kampuni za utafiti wa masoko. Sisi zimelala kwenye kompyuta za serikali, zikisubiri mtu wa afya aziombe. Zikiunganishwa na kiwango cha sukari kinachopimwa na mashirika ya viwango, zinatosha kutoa gramu za sukari kwa mtu kila mwezi.

Ningependa basi ushuru wa soda uhame kutoka kwenye lita uende kwenye gramu, maji yatolewe kwenye kapu hilo, na tangazo litolewe mapema ili viwanda vipate muda wa kubadili mchanganyiko. Tathmini wapewe watu wasiolipwa na kampuni za vinywaji na wasioripoti kwa idara inayomiliki sera. Mpango wao wa uchambuzi uchapishwe kabla ya namba kuonekana, wasije wakachagua matokeo baadaye. Bajeti zetu husomwa Juni na viwango vipya huanza Julai, na wauza jumla huanza kujaza maghala mara wanaposikia fununu, kwa hiyo Mei na Juni hazifai kuwa msingi wa kulinganisha. Makubaliano ya kubadilishana takwimu kati ya mamlaka ya mapato na wizara ya afya yanapaswa kuwa yamesainiwa angalau mwaka mmoja kabla ya hotuba, yakihusisha jumla ya lita na gramu kwa kila aina ya kinywaji bila majina ya kampuni, na nakala ya takwimu hizo iwekwe hadharani kila mwezi.